Sauti ya Mama Yako na Mashine Uliyoiacha Ikikimbia

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatano, tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu Bisibisi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini mkono ulioteguka umepona na baridi ya huko imepungua. Mkeo naye hajambo? Sisi ni wazima, isipokuwa mama yako, ambaye hali yake unaijua, na mimi, ambaye siumwi lakini sikai. Tangu alfajiri nimechemsha chai mara mbili na sijainywa. Barua hii naiandika vipandevipande, maana kila baada ya aya nainuka kwenda kuitazama mashine yako.

Tarehe haijabadilika. Keshokutwa, Ijumaa, dada yangu anaingia chumba cha upasuaji kuondolewa zoloto, pale sauti inapotokea, na akitoka hatakuwa na sauti. Nilimuuliza daktari mara mbili, kwa njia mbili tofauti, kama nilivyozoea kazini. Jibu lilikuwa lile lile. Kwa hiyo ule mpango wako wa kumrekodi sentensi mia tatu, ili mashine ijifunze sauti yake na kumsemea atakapokuwa anaandika, ulikuwa na mwisho usiosogezwa.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ni afadhali ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mama yako.

Mashine uliyotuachia ilikuwa na kumbukumbu, hiyo ramu yenu, ya giga kumi na sita. Programu ya sauti inataka thelathini na mbili. Kila tulipoianzisha, iliganda. Fedha iliyobaki baada ya amana ya hospitali ilikuwa kidogo, nikapata kipande kimoja cha mtumba cha giga kumi na sita, kibandiko chake kikitaja kasi kubwa kuliko ya vile vyako viwili. Nikakichomeka kando yao. Mashine ikawaka, ikahesabu thelathini na mbili, nikajipongeza. Mimi ninayewaambia waandishi wachanga kila siku kwamba habari ya chanzo kimoja si habari, niliamini kibandiko.

Tulirekodi siku nne. Siku ya tano nikakaa kusikiliza. Sentensi arobaini na moja zilikuwa zimeliwa katikati: neno linaanza, linakwaruza, linatokea upande wa pili likiwa limepungua. Na sauti ya mama yako ya wiki iliyopita si ya wiki hii. Kila siku inakonda.

Nilimwambia mezani, mkazamjomba wako akiwepo. Alimaliza kwanza kumenya chungwa lake.

"Wewe ni mwandishi gani," akasema, "usiyeangalia kalamu kama ina wino kabla mtu hajaanza kusema?"

Mkazamjomba wako alicheka hadi akatoka nje, na nadhani huko nje hakuwa anacheka.

Niliibeba mashine hadi kwa fundi mmoja, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo. Wanamwita Miwani kwa sababu ana mbili kichwani na ya tatu anaitafuta. Aliifungua, akauliza ni nani aliyeisukuma prosesa, ubongo wa mashine, kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani. Nikasema ni mpwa wangu. Akasema mpwa wangu ana mikono mizuri na hana subira. Akanieleza kwamba vipande vya ramu visivyolingana ni kama watu wanaobeba kabati ngazini, mmoja anaruka vidato viwiliviwili na mwenzake anahesabu kimoja kimoja. Kinachoumia ni kabati. Na mashine inayokimbizwa hivyo haina nafasi ya kuwasubiri.

Dukani kwake fedha yangu, nikitoa na vipande vya zamani, ilinipa njia mbili. Vipande vya kasi kubwa, vyenye taa za rangi, lakini giga kumi na sita tu. Au pea iliyotoka pakiti moja, kumi na sita kwa kumi na sita, kasi ya kawaida, nyeusi na kavu kama rula. Kwa bei ile ile. Nilivishika, nikavirudisha, nikavishika tena. Nilikuwa nakufikiria wewe, maana najua ungechukua vile vya taa.

Miwani akachoka nami. "Mzee, sauti ya mama haina haraka. Inataka nafasi, na inataka kitu kisichosahau."

Nikachukua pea. Vipande vyako vya zamani akavichukua yeye kuziba pengo la bei.

Aliiacha mashine ijipime kutwa. Kwa kasi uliyoiweka wewe, makosa saba. Hapo nikafanya jambo bila kukuomba ruhusa: nilimwambia airudishe kwenye kasi ya kiwandani. Najua ni wiki ngapi ulikaa sakafuni ukiipandisha hatua kwa hatua. Namba zako zote nimezinakili nyuma ya karatasi hii, utairudisha mwenyewe ukija. Ikapimwa kutwa nyingine. Kosa halikuonekana hata moja.

Jana tulirudia zile arobaini na moja. Programu ina orodha yake, na mama yako aliitupa. Alisema hajawahi kukaa na wanawe akazungumza habari za mawingu. Akaandika zake: nani kaacha taa inawaka, kula kwanza, hicho kiatu umekivua wapi. Za kugomba ndizo zilizotoka vizuri zaidi.

Mwishoni aliomba maji, akakaa wima, akakuita jina lako mara tatu. Ya kukuamsha. Ya kukukaripia. Na ile ya mlangoni, unaporudi na begi. Ya tatu sauti ilimkatika mwishoni, nikamwomba turudie.

"Mimi huwa siiti tena," akasema. "Aliyenisikia amesikia."

Nimetoka kuitazama mashine sasa hivi. Imejifunza asilimia sabini na moja; nilipoanza salamu ilikuwa sitini na nane. Feni inavuma sawasawa. Miwani amesema itamaliza kabla jua halijatua, nami sina la kufanya ila kuinuka na kukaa.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Humo hamna sauti ya mashine, ni ya mama yako mwenyewe, sentensi zote mia tatu na yale majina matatu. Nimezisikiliza zote, kisha dada yako akazisikiliza peke yake. Vyanzo viwili safari hii.

Dada yako na mapacha wake wanakusalimu. Mkazamjomba wako anasema usimjibu kwa simu, mwandikie mama yako, kwani kusoma hakumchoshi. Msalimie sana mkeo. Mungu awalinde huko mliko, na siku ya Ijumaa asimame upande wetu.

Ukifika kwenye ile ya mlangoni, hata uwe peke yako chumbani, itika.

Ni mimi mjomba wako, nisiyekaa na nisiyeacha kukupenda.