Buti Zilizotazama Nyuma

London, 12 Juni 1990

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Goti la kushoto linasemaje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Mimi ni buheri wa afya, na uzuri umezidi, pole kwa wengine.

Jana nilikaa juu ya farasi wangu Yarrow pale langoni, deraya kifuani, upanga begani, manyoya kofiani. Unajua sisi walinzi wa Malkia haturuhusiwi kutikisika. Mtalii mmoja akamwambia mumewe, "Huyu ni sanamu!" Mume akanisogelea, akasema, "Sanamu haina chunusi." Bibi, nilikaribia kufa kwa kicheko kilichokosa pa kutokea.

Koplo Braithwaite bado ananiandama. Alisema, "Thirlwell, buti hizi nikizitazama sioni uso wangu." Nikamjibu, "Nilikuhurumia, Koplo." Nikala wiki nzima ya kuzoa mavi.

Lakini mjukuu wako ana akili. Stoo, rafu ya juu kabisa, kuna buti zinang'aa kama maji ya kisimani. Ni zile wanazozitia kwenye vikuku vya tandiko vya kukanyagia, vidole vikitazama nyuma, farasi asiye na mtu anapofuata jeneza la mkubwa. Hazivaliwi na yeyote. Zinakaa bure! Nikazichukua, nikaacha zangu mahali pake, zile ulizoniandikia jina langu na anwani yako ndani kwa sindano ya moto. Usinune.

Mjukuu wako,
Jarvis

*

Hexham, 18 Juni 1990

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti halijambo, kichwa chako ndicho kigonjwa.

Babu yako alimtunza farasi wa jeneza miaka mingi, na buti zile hakuzishika bila glovu. Nilimcheka kama unavyonicheka. Akaniambia, "Enid, zile hazina mwenyewe kwa sababu hazitakiwi kuwa naye. Zikitazama nyuma, mwenyewe amekwisha kupita." Zako zina jina, mjinga wewe, kwa mwandiko wangu! Zirudishe kabla hajafa mtu.

Nimetuma keki ya tangawizi. Usimpe farasi.

Bibi yako

*

London, 9 Julai 1990

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Keki ilifika, Yarrow anakushukuru.

Barua yako ilinikuta nimeshachelewa. Jenerali mmoja mzee alifariki, wakamchagua Yarrow kumfuata. Nilisimama kwenye mstari nikaziona buti zangu zikipita, vidole nyuma. Yarrow aliponifikia aligeuza shingo akalitazama tandiko tupu, akashusha pumzi, vile vile anavyoshusha nikimpanda.

Nilikwenda kuzibadilisha. Rafu tupu. Mwenye stoo nilimuuliza mara tatu, hakuinua hata macho.

Lakini sikiliza bahati yangu! Braithwaite sasa ananipita kwenye ukaguzi bila neno. Nimekuwa askari kamili. Na langoni nimetulia mpaka watalii wanampiga picha Yarrow tu. Juzi mtoto aliuliza, "Mama, mbona farasi huyu yuko peke yake?" Umeona nilivyo hodari?

Kitu kimoja tu. Yarrow ananibeba polepole mno, kichwa chini, kama kuna mtu anamwongoza kwa kamba.

Baada ya kiangazi tunavua manyoya, tunaingia kwenye magari ya deraya. Sisi ndio hao hao, Bibi, leo pambo la Malkia, kesho mchanga menoni. Vita vikija, ndio tutakaotangulia kumchungulia adui.

Mjukuu wako,
Jarvis

*

Hexham, 30 Oktoba 1990

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Au umeandika? Imekuja bahasha yenye karatasi nyeupe, haina hata doa. Nimeisogeza dirishani, sikuona kitu.

Ile picha yako iliyo juu ya kabati nimeifuta kwa kitambaa, ukungu hautoki. Bi Dodds wa jirani alikuja kunywa chai, akasema, "Enid, tangu lini unapenda picha za farasi?" Nilimnyang'anya biskuti.

Waambie wenzako wakuite kwa jina kila siku. Hata kwa matusi.

Bibi yako

*

Jangwani, 20 Februari 1991

Bibi,

Shikamoo. Naandika nikikandamiza kalamu sana, labda hii itashika.

Tulitangulia kuchungulia, tukashambuliwa. Risasi zilipita kulia na kushoto kwangu kama mvua inavyoukwepa mwavuli. Nilitaka kujisifu. Kisha Fenwick, rafiki yangu wa kikosini, akapigwa mguuni. Nikamshika mkono. Alikuwa analia, "Jamani, hakuna mtu hapa?" Nikamwambia, "Nipo, mpumbavu wewe, nakushika!" Akaendelea kuita. Wamemchukua, atapona.

Chakula kinagawiwa, mimi sipewi. Leo asubuhi magari yaliondoka. Nilikimbia nikipiga chuma cha gari la mwisho kwa jiwe mpaka nikadandia. Hakuna aliyegeuka.

Bibi, umebaki wewe tu. Zitafute buti zangu uzigeuze. Najua, zikigeuka, risasi nazo zitaniona. Zigeuze tu. Namtamani Braithwaite anitukane.

Usinisahau.

Jarvis wako

*

Hexham, 6 Machi 1991

Kwa kijana aliyeniandikia,

Marahaba, ingawa sijui naipokea ya nani. Umeniita Bibi. Bi Dodds anasema sijawahi kuwa na mjukuu, na picha iliyo juu ya kabati ni farasi mtupu, kweli.

Lakini kambi ya farasi London wameniletea sanduku. Ndani mna buti ndefu. Wanasema hazimo kwenye hesabu ya askari yeyote, ila ndani kuna anwani yangu. Mwandiko ni wangu, wa sindano ya moto. Palipokuwa na jina pamekuwa laini kama ngozi ya mtoto.

Sikukujua, lakini mwandiko wangu naujua. Siandiki vitu vya bure.

Nimeziweka mlango wa jikoni, vidole vikitazama ndani, kama za mtu anayeingia. Asubuhi nilizikuta zimetazama nje. Nikazigeuza. Kesho yake zimetazama nje tena. Nikazigeuza, nikaziambia, "Nimeishi na mwanajeshi miaka arobaini, tuone nani atachoka." Kila siku mkono wangu unakata keki vipande viwili, sijui unamkatia nani.

Nilikuwa nimekomea hapo kuandika barua hii. Leo nimeshuka, buti ziko kama nilivyoziacha, vidole ndani. Nimezishika. Zimejaa mchanga, na mchanga una joto.

Na nikiwa naosha sahani, jina limenijia.

Jarvis. Keki iko mezani. Futa miguu kabla ya kuingia.

Bibi yako