Shemeji alisema iko tupu

Bunia, tarehe 14 Oktoba 1983. Asubuhi ya leo ukungu na baridi.

Lotsove, sikia haya. Shemeji Ngadjole amepiga risasi ndani ya nyumba yangu!

Unajua kwetu mtu haingii kwenye maombi na silaha kiunoni. Basi alipofika kwenye maombi hapa kwangu, akachomoa chargeur, kile kikasha cha risasi, akashika ile bastola yake ya kulindia ng'ombe. Nikamwambia, "Shemeji, usielekeze kwa watoto."

Akacheka: "Weye mwanafunzi wa shule ya jioni, sasa utanifundisha na bunduki? Nimetoa chargeur. Iko tupu!" Akafyatua ili anionyeshe.

Ikalia! Iko tupu, na ikalia! Kumbe risasi moja ilibaki ndani ya mtutu. Imetoboa mlango, karibu kabisa na kichwa cha mtoto wangu Dhena. Nikamfokea!

Na sasa wenzetu wa maombi wanataka MIMI niombe msamaha, eti nimemfokea mkubwa! Hasira yangu nimeitubu kwa Mungu. Kwa Ngadjole situbu kitu.

Nimesimama mbele ya kikundi chote cha maombi, nikasema kwa sauti: "Shemeji, ukileta tena bastola hapa, mlango nitaufunga mimi mwenyewe, na utalala nje. Naahidi mbele za Mungu, na ninyi wote mumesikia."