Nilizuia Gari la Baba Mkwe, Sasa Jirani Anaitwa Mchawi

Mpendwa Bi Kudra,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kinu nyuma ya jiko, maana ndipo mahali pekee ambapo hakuna wa kuniuliza naandika nini, na nakuomba unisaidie upesi kwa sababu jambo nililolifanya kwa nia njema limeanza kumla mtu asiyehusika.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa mjini, binti wa fundi Silvester mwenye gereji nyuma ya soko, nimeolewa huku Kiwira kwa Wanyakyusa, huu ni mwaka wa tatu, na mume wangu Ezekia ni mwalimu, sasa yuko masomoni mpaka mwezi wa nane. Huku mke wa mtu haonani na baba mkwe. Simtazami, sisemi naye, akipita njiani nachepuka na kujifunika, na jina lake silitamki, hata hapa siliandiki, utanisamehe. Si kwamba ananichukia, hapana, ni heshima, nami nimeishika tangu siku ya kwanza, kikohozi chake nakijua kuliko uso wake.

Basi baba mkwe ana gari, Shevrolet ya kabla ya vita aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa Mbozi, gari la zamani lakini linang'aa, kila asubuhi analifuta mwenyewe kwa kitambaa, na anayelitengeneza ni shemeji yangu Saulo, ambaye ufundi amejifunza kwa kutazama. Mwezi uliopita breki zikaanza kuzama, unakanyaga mpaka chini ndipo zinashika, Saulo akafungua masta silinda, kile kikopo cha mafuta ya breki, akakuta mafuta yamepungua, na badala ya kwenda Mbeya kutafuta mafuta ya breki akachukua mkebe wa mafuta ya injini akajaza, huku akisema, nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa napepeta maharage, "Mafuta ni mafuta, yote yanateleza." Bi Kudra, mimi nimekulia gereji, tangu nina miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuosha raba za breki kwa spiriti, na ole wangu nizioshe kwa petroli, na baba alikuwa akinifundisha kwamba raba ya breki ikinywa mafuta ya injini inavimba kama andazi, kwanza breki zinabana zenyewe mpaka magurudumu yanachemka, halafu raba inalegea na kuharibika, na siku hiyo ukikanyaga hakuna kitu.

Ikawa hivyo hivyo. Ijumaa gari likarudi kutoka Tukuyu linanuka kuungua, magurudumu hayashikiki, na Saulo anacheka, eti sasa breki zimekaza, imara kabisa. Nikamwambia kwa adabu, "Shemeji, hayo mafuta siyo, yatakula raba." Akanijibu, "Wewe shemeji, pika." Nikaenda kwa mama mkwe, mama Atuganile, nikamwomba amfikishie mzee maneno yangu, akaguna, akasema, "Nimwambie mume wangu kwamba mkwewe amechungulia gari lake? Mwanangu, hujui unachoomba."

Na Jumapili ilikuwa waende Mbeya kwenye ufunguzi wa kanisa, baba mkwe akiendesha mwenyewe, wazee wanne wa kanisa, mama mkwe, na mtoto wangu Yudith, miaka miwili na nusu, ameshashonewa gauni jipya, atapakatwa na bibi yake. Wewe unaujua mteremko ule wa kutoka Isongole kushuka Igawilo, gari linashuka mpaka masikio yanaziba. Jumamosi mchana wote walikuwa shambani wanachuma kahawa, nimebaki mimi na ndizi zangu motoni, nikaziacha nikaenda. Nikafungua boneti ya gari ambalo sipaswi hata kuliegemea, nikatoa kile kidude kidogo kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi, baba hukiita rota, bila hicho gari haliwaki hata ulibembeleze, nikafunga kila kitu kama nilivyokikuta, na rota nikaitumbukiza kwenye kibuyu cha mbegu za maharage. Jumapili Saulo akazungusha hendeli ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka, gari kimya, wazee wakavua viatu vyao vya kanisani wakarudi makwao pekupeku, Yudith akalia kwa ajili ya gauni lake, na mimi nyuma ya ukuta nikalia pia, lakini kwa furaha, sijawahi kumshukuru Mungu kama siku ile.

Furaha yenyewe haikufika jioni. Saulo akasema gari halina ugonjwa wowote, limerogwa, na akamtaja jirani yetu Isakwisa, kwa kuwa mwaka jana waligombea mpaka wa kahawa. Sasa watu hawamsalimii, mkewe Rozalia akifika kisimani wenzake wanainua ndoo wanaondoka, na mwisho wa mwezi huu Isakwisa ataitwa mbele ya wazee. Huyo Rozalia ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua Yudith, mama yangu akiwa mbali.

Nikisema ni mimi, nimeshika kitu cha baba mkwe bila ruhusa, wanaweza kunirudisha kwetu na mtoto akabaki. Nikinyamaza, Isakwisa anaharibikiwa. Nikiirudisha rota kimyakimya, gari litawaka na watapanda na breki zile zile. Baba yangu sijamwandikia, sitaki isemwe napeleka maneno ya ndoa nyumbani. Na hata wakikubali kubadilisha mafuta, watie yapi? Kwa Mrisho, dukani Mbeya, ipo mikebe ya aina mbili, ya breki na ya jeki, na yeye anasema zote ni sawa. Mama mkwe naye ana mafuta ya nyonyo ya kujipaka, na nakumbuka baba akisimulia kwamba wakati wa vita madereva waliyachanganya na spiriti wakayatia kwenye breki. Nichague lipi, mama, na nani atakubali kunisikiliza?

Gazeti hili Saulo hulisoma kwa sauti uani kila wiki, nyumba nzima inasikiliza, mzee kwenye kiti chake na mimi nyuma ya ukuta wa jiko, kwa hiyo tafadhali unijibu kwa mafumbo, nitaelewa.

Mkwe mwenye hofu,
Kiwira, 3 Juni 1956


BI KUDRA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kwa mafumbo umekosea mlango. Mtu anaitwa mchawi kwa sababu ya mkebe wa mafuta, halafu mimi nikae hapa nitege vitendawili? Leo nasema wazi, na ukishanisikiliza mpaka mwisho utajua kwa nini sikuogopa.

Kwanza nikusifu, maana ukali unakuja. Nilipofika pale pa Yudith na gauni lake jipya niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Wanawake wangapi wangesema "mimi mke tu, nitasema nini," wakageukia ndizi zao? Uliomba kwa adabu mara mbili, ukakataliwa mara mbili, ukatumia akili uliyopewa na baba yako. Watu saba wako hai. Mikono yako ibarikiwe, mwanangu.

Sasa ukali. Wiki nzima umekaa juu ya hicho kinu ukimtazama Rozalia anakimbiwa kisimani! Mwanamke aliyekukanda! Heshima ya wakwe ni nzuri, mimi nimeikuta kwetu na nimeikuta kwenu, lakini hakuna heshima inayolishwa jina la jirani. Ungekwenda kwa Rozalia siku ile ile, ukamnong'oneza tu, angalau yeye alale usingizi. Hapo ulikosea, na umwombe radhi.

Na hilo la kutomwandikia baba yako kwa kuogopa "kupeleka maneno ya ndoa nyumbani." Maneno ya ndoa ni mume amenuna, mume amechelewa. Raba za breki ni maneno ya fundi. Fundi huulizwa.

Basi kwa kuwa wewe hukumwuliza, nimemwuliza mimi. Umeandika gereji nyuma ya soko la Iringa. Mimi nakaa Iringa, ulidhani nitabahatisha mambo ya breki wakati miguu ninayo? Jumanne nilipandisha buibui langu lisiguse grisi, nikaingia. Nikamkuta mzee wako amelala chini ya lori, miguu tu iko nje. Nikaisemesha ile miguu: "Fundi Silvester, gari la zamani, mtu ametia mafuta ya injini kwenye breki, sasa wachague mafuta gani?" Akatoka taratibu, akanitazama, akaenda kwenye rafu akarudi na chupa mbili za jamu. Ndani ya kila chupa mna raba moja ya breki, zote zimetoka kwenye gari moja. Kwenye mafuta ya breki, raba ipo kama ilivyozaliwa. Kwenye mafuta ya injini, raba imevimba na kulegea, nimeibonyeza kwa kidole changu mwenyewe ikabaki na alama.

Majibu yake haya, yashike. Chukua mkebe ulioandikwa kwamba ni wa breki, basi. Mafuta ya jeki ni ndugu wa mafuta ya injini na yataila raba vile vile. Mrisho auze sukari, ya breki awaachie wenyewe. Mafuta ya nyonyo hayadhuru raba, na ni kweli madereva waliyachanganya na spiriti wakati wa vita, lakini baridi ya Isongole huyafanya mazito, na spiriti nayo hukauka magurudumu yakipata moto. Ni dawa ya kukufikisha gereji, siyo ya kupakilia wazee wa kanisa. Na kubadilisha mafuta peke yake ni kujidanganya: raba zote zilizokunywa zitupwe, mabomba yaoshwe kwa spiriti mpaka yatoke safi, zitiwe raba mpya, mafuta mapya ya aina moja tu, upepo utolewe, ndipo gari liguse barabara.

Nikamwuliza, "Fundi, chupa hizi uliziandaa lini? Hukujua kwamba mimi ninakuja." Akasema, "Sikukutazamia wewe, Bi Kudra. Hizi nampelekea kijana mmoja wa Kiwira, azione kwa macho yake." Akafuta mikono, akatoa barua mfukoni. Imeandikwa na baba mkwe wako. Imefika Iringa kabla ya yako.

Nimeruhusiwa kuinakili, kwa hiyo sikiliza:

"Mkwe wangu fundi, gari langu limezimwa na mtu anayejua magari. Saulo anasema ni mchawi. Nimefungua mwenyewe nikaona kidude kimoja hakipo, na kifuniko kimefutwa vumbi, na vibanio vyake viwili vimebanwa sawasawa. Mchawi gani anafuta vumbi? Saulo alijaza breki kwa mafuta ya injini, na Ijumaa nilipotoka Tukuyu gurudumu lilitoa moshi, nikaogopa, lakini nilikuwa nimewaahidi wazee, nikaona haya kusema gari langu bovu. Jumapili lilipokataa kuwaka nilikwenda nyuma ya migomba nikapiga magoti. Namjua aliyelizima. Simsemi kwa watu, kwa sababu kwetu mimi simtaji."

Umesikia, mwanangu? Wewe humtaji yeye, yeye hakutaji wewe, mmeheshimiana vizuri kabisa, na Isakwisa anasagwa katikati. Haya, mimi si mkwe wa mtu yeyote Kiwira. Nitasema mimi.

Saulo, wewe unayesoma kwa sauti, simama hapo hapo na usiruke mstari. Breki umeziharibu wewe kwa mafuta ya injini. Gari limezimwa na shemeji yako, ambaye ulimwambia apike, na amekuokoa usiwazike wazazi wako na mtoto wa kaka yako. Isakwisa hakuroga chochote. Ukimaliza kusoma kunja gazeti, nenda kwake kabla hujala, ukamwombe radhi mbele ya mkewe. Si kesho. Na tangu leo ujue tofauti ya mkebe na mkebe, huo ndio mwanzo wa ufundi.

Nawe mzee, kwa heshima zote, shikamoo. Haya ya kusema "gari langu bovu" ilibaki kidogo ikuingize korongoni na wazee wanne. Mwite Isakwisa uani kwako, umpe kiti, watu wamwone amekaa. Mama Atuganile, kesho asubuhi chukua ndoo uende kisimani pamoja na Rozalia, mkirudi mrudi mnaongea.

Na wewe, binti wa fundi, toa rota kwenye kibuyu, ifute vumbi la maharage, mpe mama mkwe mkononi, mchana, watu wakiona. Gari lisisogee hata hatua moja. Jumatano ijayo fundi Silvester anashuka Kiwira kwa basi, na raba mpya, na spiriti, na mikebe mitatu ya mafuta ya breki, na zile chupa mbili za jamu. Ameitwa na mkwe wake, kwa siku hiyo hiyo. Aliniambia hajakuona tangu arusi, na Yudith hajamwona kabisa, akageuka akajifanya anatafuta spana.

Sasa kaa vizuri kwenye kinu chako, maana nilikuwekea mwisho wa ile barua. Mzee ameandika hivi:

"Jumatano hiyo nitakwenda Tukuyu kwenye mkutano wa kahawa. Nitakwenda kwa miguu na nitalala huko huko, ili binti yako akupokee uani bila kujifunika."