Kofia Uiache Maskati

Gulwe, Mpwapwa
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Octavian,

Mbukwa. Wala usiseme umeitikia, maana mtu huitikia salamu akiwa karibu. Yule mbuzi uliyemwacha ananyonya sasa ni bibi kama mimi, na wewe bado ni "mwakani, bibi, mwakani." Huko Maskati kuna kazi gani isiyoisha? Mbwa wamezaliwa hapa nyumbani, wamezeeka na kufa, harufu yako hawaijui.

Haya, nimemaliza kugomba. Hujambo? Unakula? Kile kifua ulichopata kwa baridi ya mashine za huko kimepona?

Mimi nipo. Magoti yanalia, na macho yanaona mbali kuliko karibu, ndiyo maana herufi hizi ni kubwa kama viazi. Unajua sikukanyaga darasa. Kusoma nilijifunzia kwenye kisomo cha ngumbaru, tumekaa chini na watoto mgongoni. Kwa hiyo usinicheke, soma polepole. Dada yako Gladness akija kutoka kwake mjini, Area D, ataipiga picha barua hii akutumie. Nimemkataza asisome. Atasoma.

Mvua bado. Tumeshatifua, tunangoja.

Sasa neno lililonikalisha chini. Jumapili ile Gladness aliponishikisha simu, nikakuona, ukacheka, ukasema, "Bibi, nikuonyeshe kitu." Ukavua kofia, ukainamisha kichwa, kisha ukakiinua. Mimi nikaiangusha simu kwenye ungo wa mtama nikatoka nje. Ulibaki unaita. Baadaye ukamwambia Gladness, "Hata bibi nimemtisha."

Ni kweli ulinitisha. Lakini si kwa ubaya wa kichwa chako. Tangu umezaliwa nakuita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu. Siku ile neno hilo liligoma kutoka, kwa sababu niliyemwona ni mume wangu kweli.

Babu yako Matonya hukumkuta. Alianza kunyonyoka nywele kijana, mbele kwanza, halafu utosini. Siku aliyoondoka korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Kwetu halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha huko juu, na maji yakashuka bila kubisha hodi. Mbuzi walikuwa ng'ambo. Akawafuata. Mbuzi wote walirudi.

Kesho yake tuliteremka na korongo kumtafuta. Mimi ndiye niliyemwona. Nilidhani ni kibuyu cha mtu kimezikwa nusu mchangani, kinang'aa na jua. Nikainama nikiokote. Kilikuwa kichwa chake.

Ndiyo maana nyumbani kwangu kibuyu hakilazwi chini. Vyote vinaning'inia. Mlikuwa mnachapwa mkikiacha sakafuni, na hamkujua kwa nini. Nawe ulipoinama kwenye simu, taa ya huko ikakumulika pale pale.

Baba yako Stanley naye zikamtoka vilevile. Naye akaanguka uwanjani tunapura mtama, hajafika arobaini. Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Wanawake msibani walisema, nami nikiwasikia, kwamba kwa akina Matonya kichwa kikiwa wazi, kaburi nalo liko wazi. Wewe ulikuwa mdogo, umekaa mlangoni unakula kande. Niliona kijiko kikisimama mkononi.

Kwa hiyo usinidanganye kwamba ni urembo. Anna anangoja umuoe, nawe unamwambia asubiri kwanza upone kichwa. Kichwa chako hakiumwi, Octavian. Hutafuti nywele wewe. Unatafuta miaka.

Tuzipime basi hizo dawa, maana Gladness amenisomea zote ulizomwandikia.

Ile ya kupaka asubuhi na jioni umesema imeotesha vimanyoya, ila ukiacha vinaanguka tena. Hiyo ni kama kufuga ng'ombe, hakuna siku ya kutomkatia majani. Ukiweza, fuga.

Vidonge sasa. Gladness alifika mahali akataka kuruka. Nikamwambia, "Soma, mimi nimezaa wanane." Kumbe kuna wanaume vinawalegeza. Si wote, amesema, ni wachache. Lakini Anna ataolewa na nywele? Ukitaka kuvimeza kamuulize yeye kwanza, usikiulize kioo.

Kwenda Uturuki wakazing'oe za kisogoni wazipande mbele, hapo mimi ni mkulima, najua kuhamisha miche. Shamba haliongezeki. Na zile za katikati zikiendelea kuanguka, utabaki na kichaka mbele na jangwa nyuma yake.

Jirani Paskazia anakusihi ujaribu maji ya kitunguu na mafuta ya mbarika. Amempaka mumewe miaka yote hiyo. Ananuka kachumbari, na utosi unang'aa.

Iliyoninyima usingizi ni ile mpya, ambayo bado haijauzwa, wanatafuta watu wa kuijaribu. Wanasema labda itaamsha mizizi iliyolala. Labda. Kila dawa ilianza kwa mtu wa kwanza, sikatai. Lakini Gladness anasema walikuuliza kwenu kuna ugonjwa gani, ukajibu hakuna.

Ulijibu hivyo kwa sababu hatukukuambia. Mtoto wa hapa haambiwi mzazi wake amekufa kwa nini, huambiwa amelala. Ukashika lile la wanawake wa msibani, na hilo huwezi kumwambia daktari. Nakuambia leo. Baba yako alikuwa na presha. Alikuwa akisema, "Mama, kichwa kinanigonga, ni jua tu," anajifunga kitambaa anaendelea kupura. Daktari alitueleza kwamba mshipa ulipasuka ndani ya kichwa. Ndani, Octavian. Nywele ziko nje.

Kabla hujapaka, hujameza, hujajaribiwa, nenda kapimwe presha, na uwaambie baba yako alikufaje. Mimi mwenyewe nameza za presha kila asubuhi, na bado nakugombeza.

Na babu yako Gerson wa Zuzu, mdogo wake Matonya, mbona humtaji? Ana upara tangu hajaoa mke wa kwanza. Mwezi uliopita alikuja hapa na treni, akala ugali wangu, akanuna kwamba mlenda hauna chumvi, akaondoka amebeba mlenda uliobaki. Huyo watu hawamhesabu kwa sababu hajafa.

Sitakudanganya kwamba mimi siogopi. Mawingu yakijaa upande wa juu, natazama korongo, namwona Matonya anashuka kuwafuata wale mbuzi. Nataja jina lake, hageuki. Miaka yote hii namwita, naona kisogo tu. Jumapili ile kwenye simu ndiyo mara ya kwanza ameinua kichwa kunitazama. Alikuwa na uso wako.

Nilikaa chini ya ukuta nje mpaka Gladness akaja akaniuliza, "Bibi, umeona nini?" Nikamwambia ni vumbi la mtama. Sikutaka kulisema mbele yake, na simuni watu wote wanasikia. Ndiyo maana nimeandika.

Nywele zako fanya utakavyo. Ukizipata, nitazichana. Usipozipata, nitakupaka mafuta ya karanga kama nilivyokuwa nikikupaka, hata Anna akiona haya. Ila hao wawili usiwafanye kalenda yako. Mmoja alichukuliwa na maji, mmoja na presha. Wewe huvuki korongo, na presha inapimwa.

Mama yako Ritha anakusalimu, anauliza kama shuka zilifika. Gladness anakusalimu, ingawa mnaongea kila siku kunisengenya. Paskazia na mumewe wa kitunguu wanakusalimu. Msalimie Anna ukimpigia, mwambie mimi nimekubali mke mwenza, tena aje upesi wakati bado nina mikono ya kumfundisha kusaga.

Mungu aweke kiganja chake juu ya kichwa chako, akikikuta na nywele au bila. Maji yakukwepe. Jua la huko lisikuzidi. Ulale, uamke, uzeeke mpaka uwe msumbufu kama Gerson.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ukiniudhi,

Yasinta

Karatasi imebaki chini ya jina, sitaiacha bure. Ukija, kofia uiache Maskati. Ukishuka stesheni usipande kitu, tembea, kichwa wazi, nikuone tangu mbali nizoee kidogo kidogo. Nikikuita Matonya, usiitike. Simama hapo hapo ulipo, hata nikilia. Ngoja nikuite Octavian. Hapo itika kwa sauti, upite ndani.