Siku Arobaini za Chupa ya Njano

Dar es Salaam, 1 Machi 1981

Bibi Ketrina, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwenu. Mtihani wetu wa matibabu ya meno ni kulinganisha dawa mbili za kusukutua, ipi inazidi kuondoa utando na uvimbe wa fizi. Chupa nyekundu ni yako, ya njano ni ya Bibi mdogo Loisi. Sukutueni asubuhi na jioni, mteme. Muangaliane fizi, mniandikie. Siku arobaini msibadilishane, wala msitumie dawa nyingine yoyote, kazi yangu isije ikaharibika.

Mjukuu wako,
Lusubilo

Nanyala, 25 Machi 1981

Lusubilo mume wangu, marahaba.

Nasema mimi, anaandika shangazi yako Jenista. Tu wazima, ila mdogo wangu Loisi.

Chupa tulizianza tarehe sita. Dawa yangu imenifanya meno ya kahawia kama mla udongo, na chumvi siisikii. Jana mboga niliitia mara tatu, wageni wakakimbilia maji. Lakini damu imekoma.

Loisi kusikia arobaini alicheka: "Ameshanizika huyu?" Fizi zake nazo hazitoki damu. Ila jino la nyuma linamuuma, shavu limevimba hadi chini ya taya. Juzi alitaka kwenda zahanati kuchomwa sindano, nikamkataza. Nikamwambia zimebaki ishirini tu, usimharibie mtoto mtihani. Amekubali. Uji anaumeza kwa shida.

Bibi yako,
Ketrina

Dar es Salaam, 3 Aprili 1981

Bibi, shikamoo.

Barua imefika leo. Huo ni usaha ndani ya taya, dawa ya kusukutua haiufikii. Acheni chupa. Mpelekeni hospitali leo hii, hata kwa lori la kahawa. Uvimbe ukishuka shingoni unaziba pumzi. Sikumaanisha sindano, Bibi. Nijibu upesi.

Lusubilo wako

Nanyala, 14 Aprili 1981

Lusubilo mume wangu, marahaba.

Barua yako imefika jana. Loisi tumemzika Jumamosi. Koo lilifunga Ijumaa. Lori lilikuwepo, dizeli hakuna. Jenista hataki kuandika haya, nimemwambia andika.

Usijilaumu wewe. Aliyemkataza sindano ni mimi.

Leo ndiyo siku yako ya arobaini, pokea majibu. Mimi damu hakuna, meno ya kahawia. Loisi alisukutua mpaka asubuhi ya mwisho. Aliposhindwa kutema nikampangusa kwa kanga yangu. Nilipomfunga kidevu nilimwangalia fizi, kama ulivyoagiza. Safi, na meno meupe. Ya njano imeshinda. Andika hivyohivyo.

Arobaini yako imeisha. Ya kwake ni tarehe ishirini Mei. Uje.

Bibi yako,
Ketrina