Kioo Cheusi cha Benki ya Damu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yawe yamekupa nafuu ya kufika uani bila kushika ukuta. Mama Mdogo, shikamoo na wewe, maana najua ndiwe unayesoma kwa sauti. Nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Mimi mwili ni mzima, ila Jumanne iliyopita roho nusura initoke.

Unaijua kazi yangu, Mama, ingawa majirani wakikuuliza huwaambia mimi ni daktari wa kompyuta. Natunza mashine za hospitali. Iliyo muhimu kuliko zote iko benki ya damu, chumba chembamba chenye majokofu mawili na dirisha lisilofunguka. Ndani ya mashine hiyo mna orodha ya wachangiaji wote, aina ya damu ya kila mmoja na namba yake ya simu. Siku hiyo, saa nne kasoro asubuhi, niliizima nikaiwasha. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi tii.

Sijakaa sawa, mkunga mkuu akaingia mbio, glavu mkononi. Kuna mzazi amejifungua mapacha, akasema, damu haikatiki, na aina yake ni adimu, jokofuni haimo. Alitaka namba za watu wenye damu hiyo, tena sasa hivi. Nilipomwambia mashine haionyeshi kitu, alinitazama kama niliyemtukana.

Mkuu wa kitengo, mama mmoja asiyecheka kazini, akauliza nani ameigusa. Mtu akamtaja fundi umeme, kwa kuwa jana yake alibadilisha soketi mle ndani. Akaitwa, na mbele yetu sote akaambiwa akabidhi funguo aende zake nyumbani. Yule baba alisema tu, “Kompyuta mimi sikuigusa, mama.” Nami nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza nikishika nyaya, kimya.

Kompyuta ile, Mama, inaendeshwa na mfumo uitwao Linux. Ikiwashwa, kwanza huamsha akili yake, kisha huleta picha: madirisha na vitufe vya rangi. Nikawaza, huenda kilichokufa ni picha tu, akili ingali hai. Basi nikaizima, nikaiwasha tena huku nabonyeza kitufe mpaka ikanipa menyu yake ya kuwakia. Nikabonyeza herufi e, maagizo yakafunguka. Nilitakiwa niende mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, niongeze nafasi na tarakimu 3. Maana yake: amka, lakini picha usilete, nipe maandishi matupu. Kwa haraka nikaiandika kwenye mstari usio wake, na weusi ukarudi uleule. “Bado?” mkunga akauliza. Mara ya pili niliusogelea mstari mpaka pua ikakaribia kioo, nikaandika, nikabonyeza Ctrl na X. Maandishi meupe yakamiminika, yakasimama, kikabaki kistari kinapepesa kikiniuliza jina langu. Sijawahi kufurahi hivyo kuulizwa jina.

Nikaingia, nikatafuta ile aina ya damu. Wakatokea watu wawili. Wa kwanza simu imezimwa. Wa pili, mshona viatu, alisema anakuja hivyo hivyo na gundi vidoleni, na kweli alifika hivyo hivyo. Adhuhuri mkunga alirudi, akajibwaga kwenye kiti, akatuambia mzazi amefumbua macho na anawaulizia wanawe. Nikaipa mashine amri nyingine, kwamba kila ikiwaka iende moja kwa moja kwenye maandishi. Mkuu akanisifu mbele ya watu, akaahidi kuniandikia barua ya pongezi.

Mama Mdogo, hapa soma polepole. Aliyeiharibu si fundi umeme, ni mimi. Asubuhi ile, kabla wenzangu hawajafika, niliweka programu mpya ya kuendesha kioo bila ruhusa ya mtu, nikitafuta herufi kubwa zaidi. Miezi saba sasa, Mama, herufi zinaniyeyukia. Daktari wa macho amenipima mara mbili. Ni ugonjwa uleule uliochukua macho yako. Maandishi meupe juu ya weusi ndiyo pekee ninayoyasoma bila taabu, na ndiyo sababu nikaiacha mashine vile.

Jumatano nilimweleza mkuu yote. Akaichana ile barua ya pongezi aliyokwisha kuiandika. Nimesimamishwa wiki mbili; baada ya hapo sijui. Fundi umeme amerudishiwa funguo zake. Nilikwenda kwake kuomba radhi, hakunikaribisha ndani. Aliniambia mlangoni, “Ungesema palepale, nikiwa nimesimama pale.”

Nilikuficha kwa sababu najua utajilaumu, utasema umenirithisha. Usiseme hivyo. Ijumaa nakuja kukaa nawe. Nionyeshe unavyomimina chai bila kumwaga, na unavyomjua mtu kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Nifundishe, Mama, nikiwa bado nakuona.

Wape salamu wote wa nyumbani, na Mama Mdogo apumzishe koo.

Ni mimi,
Kitindamimba wako