Foleni ya Teksi Baada ya Swala

Jumatatu, 5 Machi 2007
Basi la Stratford Road limejaa tena. Nimefika ofisini, Wei ameshaketi anaandika programu. Tangu mwezi uliopita yeye ni mkurugenzi wa kampuni yetu, hata kadi amechapisha, lakini vidole vyake havijapata habari. Leo programu yetu ya kugawa safari imewashwa kwenye ofisi ya teksi hapa Sparkhill, mteja wetu wa kwanza. Wei ameahidi: ikienda vizuri, yeye atahangaika na wateja na wenye mitaji, programu yote itakuwa chini yangu. Naitaka kazi hiyo. Naitaka sana, sitajifanya.

Jumatano, 7 Machi
Shwari. Madereva wanalalamikia rangi ya skrini tu. Nimepika pilau.

Ijumaa, 9 Machi
Balaa. Wei aliweka sheria: dereva akizima mashine yake ya garini zaidi ya dakika kumi, anarudi mwisho wa foleni ya kungojea safari. Kwa Wei, anayezima ni mtegea kazi. Mchana madereva karibu wote wamezima wakaenda msikitini. Waliporudi, zamu walizongojea tangu asubuhi zimeyeyuka. Baba Amani, dereva Mkongomani wa kanisani, amepata safari zote za uwanja wa ndege. Kaja ofisini anacheka. "Dada Hodan, leo machine inanipenda. Merci mingi."

Mume wangu Abdi ni dereva palepale. Hakucheka. "Wallahi, hiyo system yenu imenitupa nyuma ya kila mtu. Na mimi ni bwana yako."

Mwenye ofisi ya teksi ametupa mpaka Ijumaa ijayo, la sivyo tubebe kompyuta zetu. Mimi naswali kwenye kona ya ofisi kila siku, Wei ananiona. Lakini sehemu hiyo ya programu ni yake, haigusiki.

Jumatatu, 12 Machi
Dawa ya Wei: Ijumaa, saa saba mpaka saa nane, hakuna anayepoteza zamu. Nimemwambia misikiti haimalizi pamoja. Tena kuna swala ya alasiri, kuna wa kuchukua watoto shule. Hakunisikia. Nimekasirika mpaka nikashuka kituo kisicho changu.

Jumanne, 13 Machi
Nimekumbuka foleni ya maji ya utotoni, kule Eastleigh. Unamwambia aliye nyuma yako, nishikie nafasi, unaenda zako. Akikubali, hakuna wa kukuuliza. Nimeandika hivyohivyo: dereva anaomba, wa nyuma anabonyeza kukubali. Asiyeaga anarudi mwisho, sheria ya Wei ibaki.

Jumatano, 14 Machi
Nimemwonyesha. Kesho anakwenda London kuonana na wenye mitaji, na dawa yake haijaisha. Akanitazama kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani. Akasema niweke yangu.

Ijumaa, 16 Machi
Saa saba maombi ya kushikiwa nafasi yakajaa kwenye skrini. Kila aliyeombwa naye alikuwa anaondoka, kwa hiyo yote yakateremka mpaka kwa wa mwisho. Baba Amani. Asipokubali, wote wanarudi nyuma yake, uwanja wa ndege ni wake tena.

Nikasubiri. Hakuna kitu. Nikasoma kila dua niliyofundishwa madrasa.

Akabonyeza. Mmoja baada ya mwingine, mpaka wote.

Wei akapiga simu toka London. Aliuliza jambo moja tu, kama watu wamerudi kwenye nafasi zao. Nikamwambia wamerudi. Mwenye ofisi ya teksi hakutaja tena kubeba kompyuta. Abdi kaleta sambusa, za Baba Amani kafunga kando.

Jumatatu, 19 Machi
Wenye mitaji wamekubali. Wei anasema iko siku atakaa upande wao wa meza, aweke pesa zake kwenye programu za watu wengine. Namwamini.

Kisha ameniomba nilifute jina lake kati ya wanaoruhusiwa kubadilisha programu. Nikamuuliza mara mbili. Nikafuta. Akajaribu kuingia, ikamkataa. Akaweka mikono mapajani, akauliza kama kuna chai.